Kumlipa mshawishi wa mitandaoni atangaze chapa yako: unanunua nini, na kipi hakistahili bei yake

Huduma ya kutangaziwa bidhaa na washawishi wa mitandaoni, au mainfluensa kama wengi wanavyowaita, huuzwa kwa kipimo kibovu kuliko vyote ilivyo navyo: idadi ya wafuasi. Mteja hupewa karatasi ya bei yenye idadi ya wafuasi, bei ya posti na bei ya video fupi, kisha akaombwa malipo ya awali. Ndani ya bei hiyo moja kuna vitu vitatu tofauti vilivyofungwa furushi moja. Kuna kuifikia hadhira, kuna kuazimwa imani ambayo hadhira imempa mtu huyo, na kuna video au picha zenyewe kama kazi ya ufundi. Tathmini hii inakifungua kila kimoja na kukipa alama yake, kwa sababu anayevichanganya ndiye hulalamika baadaye kwamba hela imeliwa.

Alama zenyewe kwanza, kwa wenye haraka. Utengenezaji wa maudhui unapata nyota nne kati ya tano. Imani inapata tatu, na hupanda ikiwa mtu yuleyule atatumika mara kadhaa. Kufikia hadhira kunapata mbili. Upimaji wa matokeo unapata moja na nusu, na hiyo nusu ni ya hisani.

Video ndiyo bidhaa halisi

Mshawishi mwenye ujuzi ni mwandishi wa muswada, mpiga picha, mwigizaji na mhariri kwa wakati mmoja. Anajua kwamba sekunde mbili tatu za mwanzo ndizo zinaamua kama mtu atabaki au atatelezesha kidole. Anaweka maandishi kwenye skrini kwa kuwa wengi hutazama bila sauti, anarekodi simu ikiwa wima kwa uwiano wa 9:16, na anaonyesha bidhaa ikiwa mkononi ikifanya kazi badala ya kuanza na nembo inayozunguka. Kampuni ya kawaida ya matangazo inaweza kufanya hayo yote, ila huja na watu wengi, taa nyingi na ankara ndefu, na mara nyingi video inayotoka ina sura ya tangazo tangu sekunde ya kwanza.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mshawishi lihusu haki ya kuitumia video, kabla ya kufika kwenye wafuasi. Katika sheria za nchi nyingi hakimiliki hubaki kwa aliyeitengeneza kazi mpaka mkataba useme vinginevyo. Ukilipia posti, umelipia posti: iwekwe kwenye ukurasa wake, basi. Kuipakua na kuiweka kwenye tovuti yako, kuikata vipande vya tangazo la kulipia, au kuchukua picha yake na kuichapa kwenye boksi la bidhaa ni matumizi mengine, na kila moja lina bei yake. Mkataba utaje mahali pa kutumika (ukurasa wa chapa, tovuti, matangazo ya kulipia, televisheni, mabango), muda (miezi 3, 6 au 12), maeneo, na kama unaruhusiwa kuikata na kuongeza maneno. Haki hizi zinunuliwe kabla video haijatoka. Video ikishapata watazamaji wengi, bei ya haki hupanda, na hapo mwenye kisu ni yeye.

Ombeni pia faili safi: video isiyo na muziki wala maandishi juu yake, pamoja na vipande ambavyo havikutumika. Sababu kubwa ni muziki. Nyimbo zinazovuma ndani ya programu kama TikTok na Instagram zina leseni kwa watumiaji wa kawaida; tangazo la biashara linahitaji leseni nyingine au nyimbo kutoka maktaba ya biashara ya programu husika. Wengi huona huo ni urasimu, hadi barua ya mwanasheria ifike. Mwaka 2021 Sony Music iliishtaki kampuni iliyokuwa inatengeneza kinywaji cha Bang Energy kwa kutumia nyimbo zake bila leseni kwenye video za TikTok, na madai hayo yalihusu video za kampuni pamoja na za washawishi wake. Mwaka uliofuata mahakama Marekani iliona kampuni imekiuka hakimiliki kwa video ilizoziweka yenyewe. Mkiwa na faili safi, mnabadilisha muziki na maisha yanaendelea. Bila hiyo, mnafuta video yote.

Matumizi yenye faida kubwa zaidi ya video hizi, kwa maoni yetu, ni kuzilipia ziendeshwe kama tangazo kupitia akaunti ya mshawishi mwenyewe. TikTok wanaita Spark Ads. Instagram na Facebook wana utaratibu wao unaofanana. Mshawishi anatoa kibali ndani ya programu, nanyi mnailipia posti yake iwafikie watu mnaowachagua kwa umri, eneo na mambo wanayopenda. Video inabaki na jina lake, laiki zake na komenti zake, lakini haitegemei tena bahati ya algorithimu, yaani mfumo wa programu unaoamua nani aonyeshwe nini. Kinachoharibika hapa ni jambo dogo la kuudhi: kibali kina muda, na kikiisha katikati ya kampeni tangazo linasimama, pengine siku ya mwisho wa mwezi wakati mshawishi yuko safarini na hajibu ujumbe. Omba kibali kinachozidi muda wa kampeni kwa angalau wiki mbili.

Imani ya kuazima

Hiki ndicho chapa nyingi hudhani zinakinunua. Zipo zilizojengeka kwa njia hii hasa. Daniel Wellington, kampuni ya saa iliyoanzishwa Sweden mwaka 2011, ilikua kwa kuwapa saa watu wenye akaunti za Instagram, wakubwa kwa wadogo, pamoja na kuponi ya punguzo ya kuwagawia wafuasi wao. Gymshark ya Uingereza, iliyoanza 2012, iliwapelekea nguo watu waliokuwa wanarekodi mazoezi yao YouTube. Watu huzitaja kampuni hizi mbili kana kwamba ni kanuni ya kupikia, wakasahau mambo mawili. Bidhaa zote mbili huonekana vizuri kwenye kamera bila maelezo. Na wakati ule uwanja ulikuwa mpana: zawadi ya saa ilikuwa bado ni habari. Leo mtazamaji anaijua harufu ya tangazo kabla jina la bidhaa halijatajwa.

Imani hupungua kila inapokopwa. Kabla ya kukubaliana, pitia ukurasa wa mshawishi kwa siku 90 zilizopita na uhesabu matangazo. Ikiwa posti moja kati ya kila tatu ni ya kulipiwa, unanunua nafasi kwenye ubao wa matangazo wenye sura ya mtu. Angalia pia kama ametangaza mshindani wako. Aliyesifu krimu moja mwezi uliopita na leo anasifu nyingine kwa maneno yaleyale hamdanganyi mtu. Kipengele cha kutotangaza washindani kwa siku 30 kabla na 30 baada ya posti ni cha kawaida, ingawa kina gharama. Taja washindani kwa majina, maana "kampuni yoyote ya vipodozi" ni pana mno, na mshawishi mwenye akili ataikataa au ataitoza mara mbili.

Kinachoiua imani haraka kuliko vyote ni muswada ulioandikwa na ofisi ya chapa. Mwaka 2016 Scott Disick, nyota wa televisheni wa Marekani, aliweka Instagram tangazo la unga wa kuchanganya kinywaji, na kwenye maelezo akabandika hata agizo alilotumiwa na chapa, pamoja na saa ya kuposti. Watu walicheka, lakini tatizo la ndani yake bado lipo kila siku: maneno hayakuwa yake, ndiyo maana hakuyasoma. Karatasi ya maelekezo iwe ukurasa mmoja. Iwe na ujumbe mmoja mkuu, mambo mawili au matatu ya kweli kuhusu bidhaa, madai yasiyoruhusiwa (hasa ya kiafya: "inatibu", "inaondoa kabisa"), namna ya kutaja kuwa ni tangazo, tarehe, na kiungo. Yaliyobaki mwachieni. Marekebisho yasizidi mawili, na yahusu ukweli na sheria, si ladha. Chapa inayorudisha video mara tano kwa sababu "rangi ya ukuta haifanani na nembo yetu" inalipa bei ya mshawishi kupata tangazo la kawaida.

Halafu kuna hatari ambayo hakuna mkataba unaoifuta. Desemba 2016 wanamitindo maarufu, Kendall Jenner akiwemo, walilitangaza tamasha la Fyre lililopangwa kufanyika Bahamas. Aprili 2017 wageni walifika wakakuta mahema na vurugu badala ya anasa waliyoahidiwa. Mwandaaji wake, Billy McFarland, alihukumiwa kifungo cha miaka sita mwaka 2018, na Jenner akakubali mwaka 2020 kulipa dola 90,000 kumaliza madai dhidi yake. Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama aibu ya washawishi. Kwa mwenye chapa kina funzo la upande wa pili: ushawishi ulifanya kazi vizuri mno, bidhaa ndiyo haikuwepo. Wahenga waliposema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, hawakuona jinsi kibaya kinavyoweza kutembezwa mbele ya mamilioni ndani ya saa moja.

Upande mwingine ni bia ya Bud Light. Aprili 2023 mshawishi Dylan Mulvaney, mwanamke aliyebadili jinsia, aliweka video moja yenye kopo la bia hiyo; ukafuata mgomo wa wateja waliopinga kutumika kwake, na ndani ya miezi michache Bud Light ikapoteza nafasi ya bia inayoongoza kwa mauzo Marekani kwa Modelo Especial. Jibu la kampuni liliwaudhi waliogoma na pia waliomtetea Mulvaney. Kabla ya kumchagua mtu, amueni kwa maandishi mtamtetea hadi wapi watu wakimshambulia. Kama jibu ni "hatutamtetea kabisa", mchagueni mwingine, kwa faida yake na yenu. Kipengele cha mwenendo, kinachoruhusu kuvunja mkataba mmoja wenu akichafuka, kiandikwe kwa pande zote mbili. Nayo chapa huweza kumchafua mshawishi.

Nyota tatu hupanda hadi nne pale mtu mmoja anaporudi mara nne au tano kwa miezi sita. Posti ya kwanza hadhira huiona ni tangazo. Ya tatu, bidhaa ikiwa bado ipo jikoni au bafuni kwake, inaanza kuaminika. Ndiyo maana bajeti ya washawishi ishirini, kila mmoja posti moja, kwa kawaida huleta kelele ya wiki moja, wakati bajeti hiyohiyo kwa watu wanne huleta maswali ya kweli kwenye komenti.

Hadhira: wafuasi si watazamaji

Soko huwagawa washawishi kwa ukubwa: wadogo kabisa wenye wafuasi 1,000 hadi 10,000, wadogo wa 10,000 hadi 100,000, wakubwa hadi 1,000,000, na vigogo juu ya hapo. Mipaka hubadilika kidogo kutoka kwa wakala mmoja hadi mwingine. Kwa jumla, kadiri wafuasi wanavyoongezeka ndivyo sehemu yao inayojibu, kuuliza na kuhifadhi posti inavyopungua. Na kwa kuwa video fupi husambazwa na algorithimu kwa watu ambao hawamfuati mtu kabisa, akaunti yenye wafuasi 8,000 inaweza kutazamwa kuliko yenye 400,000. Kulipa kwa wafuasi ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Ukaguzi unaotosha hauhitaji programu ya kulipia. Chukua posti 15 za mwisho zisizo matangazo, andika idadi ya kutazamwa kwa kila moja, zipange kutoka ndogo hadi kubwa, kisha chukua ya katikati. Usitumie wastani, maana video moja iliyolipuka huupandisha wote na ndiyo wanayopenda kukuonyesha. Fanya hivyo tena kwa matangazo yake matano ya mwisho. Namba ya pili ndiyo unayoinunua. Ikiwa posti za kawaida hutazamwa mara 40,000 na matangazo 12,000, bei ijadiliwe juu ya 12,000.

Kisha omba takwimu za akaunti kwa njia ya rekodi ya skrini, akifungua na kushusha ukurasa mwenyewe. Picha moja ya skrini ni rahisi kuihariri. Angalia nchi, miji, umri na jinsia. Mshawishi anayezungumza lugha moja huku sehemu kubwa ya wafuasi wake ikitoka nchi isiyoizungumza ana jambo la kueleza. Soma komenti 50 moja baada ya nyingine. Maswali ya aina ya "inapatikana wapi?" au "inafaa ngozi ya mafuta?" ni dhahabu. Safu za vimoto na mioyo kutoka kwa majina yaleyale kila posti ni kikundi cha kupeana komenti. Mwisho tazama mwenendo wa kukua: ongezeko la ghafla bila video iliyovuma, likifuatiwa na kupungua taratibu kwa wiki nyingi, ni dalili ya wafuasi wa kununua wanaofutwa na mtandao kidogo kidogo. Dalili hiyohiyo huletwa na mashindano ya zawadi, ambayo si uongo, ila wafuasi wake walifuata simu ya bure.

Biashara ya wafuasi bandia si uvumi. Kampuni ya Devumi ya Marekani ilianikwa na gazeti la New York Times Januari 2018, na mwaka 2019 ikafikia makubaliano na Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, FTC, kwa kuuza wafuasi na laiki za uongo. Unilever ilitangaza Juni 2018 kwamba haitafanya kazi na washawishi wanaonunua wafuasi. Kanuni ya FTC iliyoanza kutumika Oktoba 2024 inapiga marufuku kuuza au kununua dalili bandia za ushawishi kwa ajili ya biashara. Hata hivyo duka hilo halijafungwa popote, na mkaguzi wa mwisho ni mwenye pesa.

Hesabu kabla ya kusaini

Hapa ndipo kampeni nyingi hufia, na hufia kimya kimya. Tuchukue mfano wa kufikirika wenye namba nyepesi. Bidhaa inauzwa 100. Kuitengeneza, kuifungasha na kuisafirisha ni 60. Faida ghafi ni 40. Ada ya mshawishi ni 20,000. Ili kurudisha ada tu, lazima ziuzwe bidhaa 500.

Sasa mshawishi anaomba kuponi ya punguzo la asilimia 10 kwa wafuasi wake, jambo la kawaida. Bei inakuwa 90, faida 30, na idadi inayohitajika inapanda hadi 667. Anaomba pia kamisheni ya asilimia 10 ya mauzo: 9 zinaondoka, faida inabaki 21, na sasa zinahitajika bidhaa 953. Kutoka 500 hadi 953 kwa maombi mawili yaliyosikika madogo mezani. Tukidhani wanaobofya kiungo ni asilimia 1 ya watazamaji na wanaonunua ni asilimia 3 ya waliobofya, mauzo 953 yanadai video itazamwe zaidi ya mara milioni 3. Weka asilimia zako halisi kutoka tovuti yako. Sura ya hesabu haibadiliki.

Mambo mawili huiokoa. La kwanza ni mteja kurudi. Kama mnunuzi wa kawaida hununua mara tatu kwa mwaka na mara mbili zinazofuata analipa bei kamili bila kamisheni, faida yake ni 21 jumlisha 40 jumlisha 40, yaani 101, na wateja wapya wapatao 200 wanatosha. Ndiyo sababu sabuni, chakula cha mbwa na virutubisho hufanya vizuri kwenye njia hii kuliko godoro. La pili ni lile la mwanzo: thamani ya video. Ikiwa kutengeneza video ya ubora huo kwingine kungegharimu 8,000 na una haki ya kuitumia, mauzo yanadaiwa 12,000 tu, yaani bidhaa 572.

Muundo wa malipo tunaouona una uwiano ni ada ndogo inayolingana na kazi ya video na haki zake, pamoja na kamisheni kwa mauzo. Kamisheni peke yake huwavuta wasio na kazi na kuwafukuza wenye hadhira nzuri, kwa haki kabisa: wao wanabeba hatari yote hata kama tovuti yako ni mbovu. Zawadi ya bidhaa bila malipo huwafaa wadogo kabisa, mradi usimpangie mtu aliyepewa zawadi siku na maneno. Malipo yagawanywe nusu wakati wa kusaini na nusu ndani ya siku 14 baada ya posti kutoka. Chapa zinazochelewesha nusu ya pili kwa miezi mitatu hujulikana upesi kwenye vikundi vya washawishi, na bei zao hupanda bila wao kuambiwa sababu.

Vipimo vinavyopotosha

Nyota moja na nusu. Kuponi hupima kidogo na hupima vibaya: huchukuliwa na tovuti zinazokusanya kuponi, halafu mtu aliyekuwa tayari kulipa anaitafuta, anaipata, na mshawishi anahesabiwa mauzo ambayo hakuyaleta. Ipe kila mtu kuponi yake, iishe baada ya siku 14, na iwe na kikomo cha matumizi. Kiungo chenye alama za ufuatiliaji nacho hupotea mtu anapotazama kwenye simu, kisha akanunua siku tatu baadaye kwenye kompyuta au dukani. Kwa hiyo kuponi huweza kuzidisha, na kiungo hupunguza.

Ongeza swali moja kwenye ukurasa wa malipo, "Umetufahamu vipi?", lenye machaguo na nafasi ya kuandika jina. Pima mauzo ya kila siku na idadi ya watu wanaotafuta jina la chapa kwenye Google kwa wiki nne kabla ya posti, ili ujue kawaida yako. Achanisha washawishi kwa siku 7 angalau. Wakiposti siku moja huwezi kujua nani kaleta nini. Ripoti iombwe mara tatu, baada ya saa 48, siku 7 na siku 30. Stori hutoweka baada ya saa 24, basi mkataba useme atatuma takwimu zake lini. Video ya YouTube ni kisa kingine: kwa kuwa hupatikana kwa kutafuta, huweza kuleta wateja kwa miaka, na kuihukumu kwa siku 7 ni kuionea.

Na kuna lile la aibu ambalo si kosa la mshawishi: bidhaa kuisha, au ukurasa wa malipo kukwama video inapovuma. Kabla ya tarehe ya posti, hesabu mzigo uliopo ghalani, nunua bidhaa moja kupitia kiungo kilekile ukitumia simu, ndani ya programu ileile, hadi mwisho wa malipo.

Kusema kwamba ni tangazo

Sheria hutofautiana, lakini mwelekeo ni mmoja: mtazamaji ajue mapema na bila kutafuta kwamba kuna malipo, zawadi au undugu kati ya mshawishi na chapa. FTC inataka maelezo hayo yawe magumu kukosekana. Kuyazika katikati ya rundo la alama za reli (hashtag), au chini ya maelezo ambayo mtu lazima abofye kuyafungua, hakutoshi. Kwenye video yawe ndani ya video yenyewe. Ufaransa ilipitisha sheria mahususi Juni 2023 inayopiga marufuku washawishi kutangaza upasuaji wa urembo na kuifanya chapa, wakala na mshawishi wawajibike pamoja kwa madhara. Norway, tangu Julai 2022, inadai picha za matangazo zilizohaririwa umbo la mwili ziwekewe alama. Kwenye fedha na sarafu za kidijitali hatari ni kubwa zaidi: Oktoba 2022 Kim Kardashian alikubali kulipa dola milioni 1.26 kwa mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani kwa kutoeleza kwamba alilipwa dola 250,000 kuposti kuhusu sarafu ya EthereumMax.

Hofu kwamba neno "tangazo" litapunguza watazamaji ina ukweli kiasi. Lakini posti inayohitaji kujificha ili iuze ni ishara kwamba mshawishi huyo na bidhaa hiyo havikuoana tangu mwanzo.

Nani anunue, na kwa mkono wa nani

Huduma hii inafaa bidhaa inayoonyeshika kwa sekunde 30, yenye bei ambayo mtu haombi ushauri wa familia nzima, na inayonunuliwa tena. Haifai mashine za viwandani, huduma za kisheria, wala bidhaa yenye faida ghafi chini ya asilimia 25; hesabu ya juu inakataa. Chapa mpya isiyo na maoni hata ya wateja kumi kwenye ukurasa wake isubiri kwanza, kwa kuwa mtazamaji anayebofya na kukuta ukurasa mtupu harudi.

Kuhusu mawakala: wanastahili kulipwa mnapohitaji watu kumi au zaidi kwa mpigo, au mikataba ya nchi kadhaa. Chini ya hapo, fanyeni wenyewe. Mkiwatumia, ulizeni kwa maandishi mshawishi anapata kiasi gani katika kila ada mnayolipa, na mkataba wa haki za video uwe kati yenu na mshawishi moja kwa moja. Wakala akifunga ofisi huku haki zimeandikwa kwa jina lake, video zote mlizozilipia zinabaki bila mwenye kuwapa ruhusa ya kuzitumia tena.